Daftari la mchoraji katuni: mahali hadithi inapotafutwa

Georges Remi, Mbelgiji ambaye dunia ilimjua kwa jina la Hergé, alifariki tarehe 3 Machi 1983 akiwa na kazi mezani. Ilikuwa hadithi mpya ya Tintin, shujaa wa katuni zake, kuhusu wafanyabiashara wa sanaa na michoro ya kughushi. Bob de Moor, msaidizi wake wa miaka mingi, alikuwa tayari kuimalizia. Mwishowe Fanny, mjane wa Hergé, aliamua isiguswe, na mwaka 1986 makaratasi yale yakachapishwa kama yalivyokutwa, kwa jina Tintin et l'Alph-Art. Katika kurasa za mwanzo penseli imeshakolea kidogo, sura na vyumba vinatambulika. Kadiri unavyosonga mbele, watu wanabaki mviringo wa kichwa na mistari miwili ya miguu, maneno yanazidi picha, mishale inapishana. Katika fremu ya mwisho, yaani kisanduku cha mwisho cha picha, Tintin anasukumwa kwa bastola, anapelekwa kumiminiwa plastiki ya majimaji ili ageuzwe sanamu. Penseli ikaishia hapo, ukurasa wa 42. Albamu za Tintin, yaani vitabu vyake vya katuni, kwa kawaida zina kurasa 62.

Kwa mtu anayetaka kujua katuni inatungwaje, kitabu hiki kina thamani kubwa, maana kinaonyesha kile ambacho albamu iliyokamilika inakificha. Hergé hakuwa na hadithi nzima kichwani iliyokuwa ikisubiri mkono uichore. Alikuwa bado anaitafuta. Kabla ya hapo alikuwa amechezea wazo la hadithi ambayo yote ingetokea ndani ya uwanja wa ndege, akaliweka kando. Hata alipoingia kwenye ulimwengu wa sanaa, yapo makaratasi yenye njia alizozijaribu na kuziacha. Vijana wengi wanaoanza kuchora vibonzo huamini kwamba wazo huja kwanza, likiwa zima, na mchoro unafuata. Wakikaa mbele ya karatasi na wazo zima lisije, wanajiona hawana kipaji. Ningependa sana imani hiyo ife. Katika katuni mara nyingi mkono hutangulia, na akili inasoma kile ambacho mkono umekiweka kwenye karatasi.

Kinacholeta mkanganyiko ni kwamba daftari moja hufanya kazi kadhaa zisizofanana. Ukilifungua unakuta uso wa mtu umerudiwa mara kumi na tano, ukurasa wa pili kuna nguzo ya umeme, wa tatu una visanduku vidogo visivyo na picha ya maana, wa nne maneno matupu. Anayetazama kutoka nje anaona fujo. Nitazitenganisha kazi hizo hapa, ingawa kwenye daftari lenyewe hukaa pamoja na hata kugongana katika ukurasa mmoja.

Mhusika anapopatikana

Aliyelieleza jambo hili mapema kabisa ni Rodolphe Töpffer, mwalimu wa Geneva, Uswisi, aliyeanza kuchora hadithi za picha mwaka 1827 na kuwaburudisha nazo wanafunzi wake. Mwaka 1845 alichapisha insha kuhusu sura za watu. Hoja yake ni rahisi: chora uso wowote, hata kwa kubabaisha, hata kama hujawahi kujifunza, na uso huo tayari una tabia. Utaonekana mjinga, au mwenye kiburi, au mtu aliyekesha. Hukukusudia, lakini tayari yuko mbele yako. Pandisha nyusi kidogo, refusha kidevu, na huyo ni mtu mwingine. Kwa hiyo mchoraji hana haja ya kuanza na maelezo marefu ya mhusika wake. Anaweza kuanza na mikwaruzo, akaitazama, kisha akauliza: huyu ni nani, na anataka nini?

Robert Crumb, mchoraji katuni wa Marekani, aliishi hoja hiyo bila kuipangia. Mwanzoni mwa mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 22 na akili yake ikiwa imechafuliwa na dawa ya kulevya ya LSD, alijaza daftari kwa watu na viumbe waliojitokeza wenyewe chini ya kalamu. Mr. Natural, mzee wa ndevu ndefu anayejifanya mwenye hekima, alitoka katika kipindi hicho, pamoja na wengi wa wahusika aliowatumia miaka iliyofuata. Watu hupenda kuisimulia habari hii kana kwamba dawa ndiyo iliyochora. Wanasahau utoto mzima ambao Crumb na kaka yake Charles waliutumia kutengeneza vitabu vya katuni kwa mkono, nyumbani, wakiwachora wanyama wao wenyewe. Fritz, paka wake mashuhuri wa katuni, alianzia kwa paka wa familia aliyeitwa Fred. Mkono ulikuwa umeshafanya kazi miaka mingi kabla ya mwaka 1966, na ndiyo maana yaliyomjia aliweza kuyakamata.

Baada ya mhusika kujitokeza, kuna kazi ya kumkomaza, na hii haina mvuto hata kidogo. Mhusika wa katuni atachorwa mara mamia, kwa hiyo lazima atambulike kila pembe. Wasomaji wa Sani, jarida la katuni la Tanzania, waliwajua Ndumilakuwili, Kipepe na Lodilofa kabla ya kusoma neno lolote kwenye ukurasa. Ili kufika hapo mchoraji hujaza kurasa: kichwa hichohicho kwa mbele, kwa nyuma, kikicheka, kikisinzia, kikiwa kimelowa mvua. Anamjaza mhusika wino mweusi mwili mzima aone kama kivuli chake peke yake kinatosha kumtambulisha. Michoro ya kwanza huwa na mistari mingi, kwa sababu mchoraji bado anajaribu kupendeza. Baadaye mkono unachoka na kuanza kufupisha. Kifungo cha shati kinaachwa, mkunjo wa shavu unaachwa, na kile ambacho mkono uliochoka unakataa kukiacha ndicho mhusika mwenyewe. Nimewaona wengi wakiishia kwenye kichwa cha sita na kusema wamempata. Bado.

Vitu visivyobuniwa

Kazi ya pili ni kutazama, na hapa pia Crumb ana somo zuri. Katika miaka ya 1980 alimwomba mpiga picha amzungushe kwenye mitaa ya kawaida kabisa ya California, wakapiga picha za nguzo za umeme, nyaya, taa za barabarani, mabango na pembe za majengo. Alijua kwamba vitu hivyo mtu hawezi kuvibuni. Tunavipita kila siku bila kuviona, na tukiambiwa tuvichore tunachora alama ya nguzo, siyo nguzo.

Jaribu mwenyewe. Chora bila kutazama mlango wa daladala unayoipanda kila asubuhi. Unafunguka kwa kuteleza au kwa bawaba? Konda anashika wapi akiwa amening'inia? Mguu mmoja uko wapi? Ukikwama, umeshajua utachora nini kesho kituoni. Mchoro wa namna hii hauhitaji uzuri. Unahitaji jibu: mama ntilie anakunja wapi ncha ya khanga anapoinama kupakua wali, fundi wa cherehani anaweka wapi mkasi asipoutumia, mzee anayecheza bao anashikaje kete zilizobaki mkononi. Wachoraji wengi huandika maneno pembeni na kuchora mshale: kitambaa kizito, mkono wa kushoto, harufu ya mafuta ya taa. Maneno hayo ni sehemu ya mchoro kama mistari yenyewe.

Kwa nini basi usipige picha kwa simu umalize? Picha inasaidia, na Crumb mwenyewe alizitumia. Lakini picha inahifadhi kila kitu kwa usawa, na ukirudi kwayo baada ya miezi minne hujui tena ni nini kilichokufanya usimame. Mchoro wa dakika mbili umekwisha kuchagua. Umeacha magari yote na kubakiza shingo ya mtu aliyelala dirishani. Uchaguzi huo ndio mwanzo wa hadithi, hata kama hadithi yenyewe haijaja.

Craig Thompson, mchoraji katuni wa Marekani, baada ya kitabu chake Blankets cha mwaka 2003, alisafiri Ulaya na Morocco akichora karibu kila alichokiona. Daftari la safari ile likatoka kuwa kitabu, Carnet de Voyage, mwaka 2004. Akiwa Morocco alikuwa pia anatafuta malighafi ya riwaya ya picha aliyoifikiria, Habibi, iliyochapishwa mwaka 2011. Miaka saba kati ya daftari na kitabu si kitu cha ajabu katika sanaa hii.

Muda kwenye karatasi

Kazi ya tatu ndiyo ngumu kueleweka, na ndiyo inayotenganisha katuni na uchoraji mwingine wote. Katuni inatumia nafasi kuonyesha muda. Fremu pana huchelewesha jicho. Fremu nyembamba zilizobanana huliharakisha, au hukata tukio moja vipande vipande hadi likawa refu. Hakuna mtu anayeweza kuamua mambo haya kichwani tu. Lazima ayaone. Kwa hiyo mchoraji huchora ukurasa mzima katika ukubwa wa kiberiti, watu wakiwa vijiti tu, na kuujaribu.

Tuchukue tukio dogo. Mama muuza samaki pale Feri, Dar es Salaam, anapigiwa simu na kuambiwa mwanawe amefaulu mtihani. Jaribio la kwanza: fremu nne za ukubwa sawa. Anaparua magamba, simu inaita, anapokea, anatabasamu. Habari imefika, imepita, hakuna kilichobaki. Jaribio la pili: juu fremu moja ndefu inayochukua upana wote wa ukurasa, mikono na kisu na samaki, simu ikiita juu ya meza, chini yake fremu tatu nyembamba za simu ileile ikiendelea kuita, mikono ikiwa bado na magamba. Sasa msomaji ameanza kuingiwa na wasiwasi, na furaha itakapokuja itakuwa imelipiwa. Jaribio la tatu: uso wa mama hatuuoni kabisa. Tunawaona wateja na wauzaji wenzake wakigeuka kumtazama mmoja baada ya mwingine, na kisu kimelala. Kwa mtazamo wangu hili la tatu linashinda yote, na nisingelifikia bila kuchora yale mawili ya kwanza.

Kila jaribio la ukubwa wa kiberiti linachukua dakika chache. Ukurasa kamili wenye wino unaweza kuchukua siku mbili au tatu, na mtu aliyekwisha tumia siku mbili hawezi kuwa mkweli kwa nafsi yake kwamba ukurasa haufai. Udogo wa rasimu unamlinda na uwongo huo. Unamzuia pia kujificha nyuma ya ufundi: kwenye ukubwa ule huwezi kuchora kope nzuri wala kivuli cha kupendeza, kwa hiyo kinachobaki ni mpangilio tu.

Kwenye rasimu hizi ndipo kunakoamuliwa pia mahali pa kugeuza ukurasa. Kitabu kikiwa wazi, msomaji anaona kurasa mbili kwa pamoja, na jicho lake huiba mambo ya mbele. Jambo la kushtua likikaa katikati ya ukurasa wa kulia litakuwa limeshaonekana kabla ya wakati wake. Linapaswa kusubiri nyuma ya karatasi, juu kushoto, baada ya vidole kugeuza. Hergé alijifunza hesabu ya namna hiyo kwa shida ya kazi: Tintin alianza tarehe 10 Januari 1929 katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya kila wiki ya gazeti kwa ajili ya watoto, na fremu ya mwisho ya kila wiki ilibidi imrudishe msomaji wiki ijayo. Anayechora leo kwa ajili ya simu hana ukurasa wa kugeuza. Kidole kinateremka tu, na kinachofanya kazi ya kuchelewesha ni nafasi tupu kati ya fremu na fremu. Hilo nalo huamuliwa kwenye rasimu, kwa kuchora ukanda mrefu badala ya kurasa.

Japani hatua hii ina jina lake, nemu, na ina uzito wa kiofisi. Mchoraji wa manga, katuni za Kijapani, humpelekea mhariri wake nemu, yaani hadithi yote ikiwa na fremu, watu wa haraka haraka na maneno yote. Mhariri akiikataa inarudiwa, hata mara kadhaa, kabla ya tone la wino kudondoka. Ninachokipenda katika utaratibu huo ni hilo la maneno yote. Sisi tunaotunga kwa Kiswahili tunalihitaji kuliko wengi. Vitenzi vyetu ni virefu. "Wameshatutangulia" ni sentensi nzima iliyobanwa katika neno moja, na kiputo chembamba, kile kinachobeba maneno ya mhusika, hakiwezi kulibeba bila kulikata vibaya. Mchoraji anayeacha maneno hadi mwisho hujikuta na viputo vinavyofunika vichwa vya wahusika aliowahangaikia. Andika mazungumzo kamili ndani ya rasimu, kwa mwandiko wako mbaya, uone yanachukua nafasi gani.

Uhai unaopotea njiani

Kila mchoraji wa katuni anajua huzuni hii: mchoro wa daftarini ulikuwa unakimbia, ukishauhamisha kwenye karatasi safi na kuutia wino, unasimama. Mistari ni ileile, mtu ameganda. Sababu haina siri. Mchoro wa haraka una mistari mitano mahali pa mmoja, na jicho la mtazamaji linachagua lenyewe ule unaofaa. Wino unataka mstari mmoja tu.

Hergé alipambana na tatizo hili maisha yake yote. Alieleza katika mahojiano jinsi alivyochora penseli kwa nguvu, akifuta, akirudia, akikasirika, hadi wakati mwingine karatasi ikakaribia kutoboka. Kisha alichukua karatasi ya kunakilia, ile inayopitisha mwanga, akaiweka juu ya vurugu hiyo na kuchagua ndani yake mstari uliokuwa na mwendo zaidi. Mistari yake safi tunayoisifia, inayoonekana kana kwamba ilichorwa kwa pumzi moja, ilichujwa kutoka kwenye msitu wa mistari.

Wengine wameamua kuifuta kabisa safari hiyo ya kutoka daftari hadi ukurasa. Jean Giraud, Mfaransa aliyetia saini kazi zake nyingi kwa jina la Moebius, alipokuwa anaacha bangi alianza kuchora kwenye daftari hadithi isiyo na mpango, ambamo yeye mwenyewe anatembea jangwani na kukutana na wahusika wake wa zamani, akiwemo Blueberry. Daftari likawa kazi yenyewe: Inside Moebius, vitabu 6, kati ya mwaka 2004 na 2010. Mfaransa mwenzake Lewis Trondheim alichora kurasa 500 za Lapinot et les carottes de Patagonie, iliyotoka mwaka 1992, akibuni huku anakwenda, kwa lengo la kujifundisha kuchora. Ukikisoma unaona kabisa mkono ukijifunza.

Chris Ware wa Marekani ni mfano mwingine, nao unapinga sehemu ya niliyosema hapo juu. Ware hatungi hadithi zake kwenye daftari. Hukaa mbele ya karatasi kubwa bila mswada na kuchora fremu moja baada ya nyingine, kila fremu ikimwambia inayofuata. Jimmy Corrigan, kitabu chake cha mwaka 2000, kilianza miaka ya 1990 kama zoezi la kubuni papo kwa papo katika gazeti la kila wiki la Chicago, na kikamchukua miaka. Hata hivyo Ware anajaza madaftari bila kukoma. Juzuu ya kwanza ya yale aliyoyachapisha, The Acme Novelty Date Book, inabeba miaka ya 1986 hadi 1995. Humo anachora watu waliokaa mbele yake, majengo, anajilaumu, anaiga mitindo ya zamani. Kwake daftari linafundisha jicho na mkono ili, siku ya karatasi kubwa, kubuni papo kwa papo kusiwe kubahatisha. Kwa hiyo mtu akikuambia daftari ni lazima liwe na mpango wa hadithi, usimsikilize. Kazi zipo nyingi. Kila mchoraji anachagua zile ambazo hadithi zake zinazihitaji.

Daftari likishajaa

Madaftari yaliyojaa yana bei siku hizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Crumb na familia yake walihamia kijiji cha Sauve, kusini mwa Ufaransa, katika nyumba aliyoipata kwa kubadilishana na madaftari yake kadhaa. Nafurahi kwa ajili yake, lakini bei hiyo imeleta hatari yake. Mtu akijua daftari lake litaonyeshwa, hasa leo ambapo kila ukurasa unaweza kupigwa picha na kurushwa mtandaoni usiku uleule, anaacha kuuliza maswali na kuanza kutoa majibu mazuri. Kurasa zinakuwa safi, zimepangwa, na hakuna kichwa cha ishirini kilichochoka. Ningemshauri kijana yeyote awe na daftari moja ambalo hakuna mtu atakayeliona, kabisa, hata rafiki.

Lisiwe la bei ghali. Lynda Barry, mchoraji wa Marekani anayefundisha katika University of Wisconsin–Madison, huwataka wanafunzi wake watumie madaftari ya kawaida ya shule. Karatasi nzuri inamtisha mtu, anaogopa kuiharibu. Zoezi lake la kila siku, alilolieleza katika kitabu cha Syllabus cha mwaka 2014, linafaa kwa yeyote: gawanya ukurasa, upande mmoja orodhesha uliyoyafanya leo, upande wa pili uliyoyaona, chini andika neno ulilolisikia mtu akisema, kisha chora kitu kimoja kati ya ulivyoviona. Dakika chache tu. Baada ya wiki mbili orodha ya uliyoyaona inaanza kuwa ndefu kuliko ya uliyoyafanya, kwa sababu unatembea ukijua jioni utaulizwa.

Kaunta buku la dukani linatosha kwa yote haya. Karatasi yake inapitisha wino, kwa hiyo tumia penseli au kalamu ya Bic. Andika tarehe kila ukurasa, na jalada la ndani weka orodha fupi ya kilichomo: soko, nyuso, rasimu ya mvuvi. Chora upande wa kulia peke yake. Upande wa kushoto uache kwa ajili ya siku utakayorudi, kwa kalamu ya rangi nyingine, kumwandikia yule aliyechora kwamba mzee wa ukurasa wa tisa na mtoto wa ukurasa wa arobaini wanaweza kuwa watu wa nyumba moja.